John Boyd Dunlop

John Boyd Dunlop (5 Februari 1840 – 23 Oktoba 1921) alikuwa daktari wa mifugo kutoka Uskoti aliyeishi sehemu kubwa ya maisha yake nchini Ireland. Anajulikana duniani kote kwa kutengeneza tairi la kwanza la upepo lililofaulu kutumika kwa wingi, kwanza kwenye baiskeli na baadaye kwenye magari. Jina lake lilipewa kampuni kubwa ya matairi, ingawa yeye mwenyewe alijiondoa humo mapema na hakupata utajiri mkubwa kutokana na uvumbuzi huo.

Dunlop hakuwa mtu wa kwanza kubuni tairi la upepo. Aliyemtangulia ni Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, mwaka 1845. Tofauti ni kwamba tairi la Thomson lilisahaulika, na la Dunlop lilienea dunia nzima ndani ya miaka michache.

Maisha ya awali

Dunlop alizaliwa katika kijiji cha Dreghorn, eneo la Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti, katika familia ya wakulima. Alisoma udaktari wa mifugo mjini Edinburgh, katika chuo kilichoanzishwa na William Dick, akahitimu akiwa na umri wa miaka 19. Alifanya kazi huko kwa karibu miaka kumi.

Mwaka 1867 alihamia Ireland, ambayo wakati huo yote ilikuwa chini ya Uingereza. Alianza katika mji wa Downpatrick pamoja na ndugu yake James, kisha akafungua kituo chake katika mtaa wa May Street mjini Belfast. Katikati ya miaka ya 1880 kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya tiba ya mifugo nchini humo. Wagonjwa wake wengi walikuwa farasi, kwa kuwa farasi ndio waliovuta mizigo na abiria mjini.

Alimwoa Margaret Stevenson, wakapata binti mmoja na mwana mmoja. Mwana huyo, aliyeitwa John kama baba yake, ndiye aliyekuwa chanzo cha uvumbuzi uliompa baba yake umaarufu.

Baiskeli kabla ya Dunlop

Ili kuelewa kwa nini tairi la Dunlop lilipokelewa haraka, ni lazima kuangalia baiskeli za wakati ule.

Katika miaka ya 1870 baiskeli iliyokuwa ikitumika zaidi ilikuwa na gurudumu kubwa sana mbele na dogo nyuma. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, bila mnyororo. Mguu ukizunguka mara moja, gurudumu nalo lilizunguka mara moja. Kwa hiyo njia pekee ya kwenda kasi bila kukanyaga upesi mno ilikuwa kuongeza ukubwa wa gurudumu. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1.3 husogea kama mita 4 kwa mzunguko mmoja, na lenye kipenyo cha sentimita 70 husogea mita 2.2 tu. Mpandaji alikaa juu sana, na akianguka aliumia vibaya.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover. Ilikuwa na magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo uliopeleka nguvu kwenye gurudumu la nyuma. Kama meno ya mbele ni mara mbili ya yale ya nyuma, basi mguu ukizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara mbili. Gurudumu la sentimita 70 likasogea mita 4.4, yaani zaidi ya lile gurudumu kubwa la zamani. Mpandaji akashuka karibu na ardhi, na baiskeli hiyo ikaitwa baiskeli salama. Umbo lake ndilo lililo kwenye baiskeli nyingi hadi leo.

Lakini gurudumu dogo lilikuja na tabu yake. Hutumbukia zaidi kwenye mashimo, na hutikisika zaidi likipita juu ya mawe. Matairi ya wakati huo yalikuwa ya mpira mgumu usio na upepo ndani, na barabara za miji ya Ulaya zilitandikwa mawe. Mnyororo ulikuwa umetatua suala la mwendo, ila mtikisiko ukazidi. Hiyo ndiyo nafasi ambayo tairi la Dunlop lilikuja kuijaza.

Uvumbuzi wa tairi la upepo

Mwaka 1887 mwana wa Dunlop, aliyekuwa na umri wa miaka kama tisa, alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Mtoto huyo alipata shida kuiendesha juu ya mawe ya mitaa ya Belfast. Baba yake, aliyezoea kushika vifaa vya mpira katika kazi yake ya tiba, alianza kufikiria namna ya kuufanya mwendo uwe laini na mwepesi.

Mwezi Oktoba 1887 alifanya jaribio katika ua wa kituo chake. Alichukua duara la ubao lenye kipenyo cha karibu sentimita 96, akalizungushia mrija mwembamba wa mpira alioutengeneza mwenyewe, akaufunika kwa kitambaa kilichopigiliwa kwenye ubao, kisha akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Alilibiringisha gurudumu la baiskeli ya mwanawe lenye tairi gumu, likaenda kidogo likaanguka. Kisha akalibiringisha duara lake lenye upepo kwa kulisukuma vilevile, nalo likavuka ua wote na kugonga nguzo ya lango.

Jaribio hilo lilionyesha jambo ambalo pengine hakulitarajia. Alikuwa akitafuta starehe ya mpandaji, kumbe tairi la upepo lilipunguza pia nguvu inayohitajika kusukuma gurudumu. Sababu ni kwamba tairi gumu likikutana na jiwe hulazimika kuinua baiskeli nzima pamoja na mpandaji. Tairi la upepo hubonyea mahali palipo na jiwe tu, kisha hurudi katika umbo lake na kurudisha sehemu kubwa ya nguvu iliyotumika kulibonyeza.

Dunlop aliweka matairi hayo kwenye magurudumu ya nyuma ya baiskeli ya mwanawe, kisha akayajaribu kwenye baiskeli kubwa. Aliomba hataza tarehe 23 Julai 1888, akaipata mwezi Desemba mwaka huohuo.

Mashindano ya 1889

Mwanzoni watu waliyacheka matairi hayo kwa sababu ya unene wake. Kicheko kilikoma tarehe 18 Mei 1889. Siku hiyo Willie Hume, nahodha wa klabu moja ya baiskeli ya Belfast, alishiriki mashindano katika uwanja wa Queen's College akiwa na matairi ya Dunlop. Hume hakuhesabiwa miongoni mwa wapandaji wa kiwango cha juu, lakini alishinda mbio zote nne alizoingia. Muda mfupi baadaye akavuka bahari hadi Liverpool na kushinda huko pia.

Miongoni mwa walioona uwezo wa tairi hilo alikuwa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin ambaye wanawe walikuwa wapanda baiskeli mashuhuri. Mwaka 1889 du Cros aliongoza uundaji wa kampuni mjini Dublin kwa ajili ya kutengeneza na kuuza matairi hayo. Dunlop aliikabidhi kampuni hiyo hataza yake, akapewa fedha kiasi pamoja na hisa.

Hataza kubatilika

Muda si mrefu kampuni iliarifiwa kwamba hataza ya Dunlop haikuwa na nguvu kisheria, kwa kuwa wazo la tairi la upepo lilikwisha kusajiliwa miaka 43 kabla yake.

Robert William Thomson (1822–1873), mzaliwa wa Stonehaven, alipata hataza Uingereza mwaka 1845 akiwa na umri wa miaka 23, kisha Ufaransa na Marekani katika miaka miwili iliyofuata. Matairi yake yalifungwa kwenye magari ya farasi na kujaribiwa mjini London, yakafanya kazi vizuri. Hata hivyo yalikuwa ghali, mpira mwembamba wa kuyatengenezea ulikuwa adimu, na wakati huo baiskeli ya mnyororo haikuwapo, wala gari la injini ya petroli. Thomson alikufa bila kuona uvumbuzi wake ukitumika kwa wingi. Hakuna ushahidi kwamba Dunlop alijua habari zake alipofanya jaribio la 1887.

Kampuni iliokolewa na hataza za watu wengine. Tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye rimu, hivyo kuziba pancha ilikuwa kazi ya saa nyingi. Mwaka 1890 Charles Kingston Welch alibuni tairi lenye waya kwenye kingo zake, linaloshika ndani ya rimu na kuweza kutolewa. William Erskine Bartlett naye akabuni aina nyingine ya tairi la kutoa na kurudisha. Kampuni ilinunua haki zote mbili. Matairi mengi ya leo bado hushikwa kwenye rimu kwa waya uliofichwa ndani ya kingo, kwa kufuata wazo la Welch. Kwa hiyo tairi tunalolijua leo si kazi ya mtu mmoja.

Dunlop alijiuzulu katika kampuni mwaka 1895. Mwaka uliofuata du Cros na wenzake waliiuza kwa mfanyabiashara Terah Hooley kwa pauni milioni 3, naye akaiuza upya kwa umma kwa pauni milioni 5. Dunlop hakuwa na fungu kubwa katika fedha hizo.

Miaka ya mwisho

Dunlop aliacha udaktari wa mifugo na kuhamia Dublin, ambako alishiriki katika biashara ya duka la nguo. Aliishi maisha ya utulivu, huku jina lake likiandikwa kwenye matairi ya kiwanda ambacho hakuwa na mamlaka nacho. Alikufa nyumbani kwake Dublin tarehe 23 Oktoba 1921 akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Deansgrange. Kumbukumbu zake kuhusu historia ya tairi la upepo zilichapishwa na binti yake baada ya kifo chake.

Mpira ulikotoka

Kuenea kwa matairi ya upepo kuliongeza sana mahitaji ya mpira, na madhara yake yalifika Afrika. Dunlop mwenyewe hakuhusika na yaliyotokea, lakini historia ya tairi haikamiliki bila habari hizo.

Katika Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, wanakijiji walilazimishwa kuvuna mpira wa mwituni kuanzia miaka ya 1890. Walioshindwa kutimiza kiasi kilichowekwa waliadhibiwa kwa viboko, kutekwa wake zao, kukatwa mikono na kuuawa. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ya mwaka 1904, pamoja na kampeni ya Edmund Dene Morel, ziliifichua hali hiyo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji.

Kusini mwa Tanzania ya leo biashara ya mpira ilikuwa ya zamani kuliko tairi la Dunlop. Mpira ulitokana na utomvu wa mimea itambaayo ya jenasi ya Landolphia, jamaa ya mabungo. Mmoja wa mimea hiyo, Landolphia kirkii, ulipewa jina la John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza kule Zanzibar. Mpira wa uwanda wa juu wa Makonde na nchi za jirani ulipelekwa pwani katika bandari za Lindi, Mikindani na Kilwa. Baadaye wakoloni Wajerumani walianzisha mashamba ya mpira, hasa upande wa kaskazini na mashariki mwa koloni. Mashamba hayo yaliporomoka mwaka 1913, bei ya mpira iliposhuka kutokana na mazao ya Asia.

Kutoka baiskeli hadi lori

Ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliingiza gari lenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris mwaka 1895. Malori yalichelewa zaidi. Yaliendelea kutumia matairi magumu hadi miaka ya baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu matairi ya upepo ya awali hayakuweza kubeba uzito mkubwa.

Lori lilipovaa tairi la upepo, kanuni ileile ya baiskeli ya gurudumu kubwa ilirudi: ukubwa wa gurudumu huamua injini izunguke mara ngapi ili gari lifikie mwendo fulani. Tuchukue mfano wa lori linalobeba korosho kutoka Newala kwenda bandari ya Mtwara. Sheria ya Tanzania huzuia malori yasizidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo lori husogea mita 1,333 kila dakika. Tuseme gia ya juu haibadilishi mzunguko wa injini, na difu ina uwiano wa 4.1, yaani injini huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Matokeo kwa saizi tatu za matairi ni haya, kwa makadirio:

- Tairi la 295/60R22.5 lina mzingo wa mita 2.91. Gurudumu huzunguka mara 458 kwa dakika, na injini mara 1,880.
- Tairi la 295/80R22.5 lina mzingo wa mita 3.28. Gurudumu huzunguka mara 406, na injini mara 1,670.
- Tairi la 315/80R22.5 lina mzingo wa mita 3.38. Gurudumu huzunguka mara 394, na injini mara 1,620.

Katika maandishi hayo namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hivyo matairi mawili yanaweza kuingia kwenye rimu moja na bado yakatofautiana mzingo kwa zaidi ya sentimita 40. Tairi likiwa na mzigo hubonyea kidogo, kwa hiyo mzingo halisi barabarani ni mdogo kuliko ule wa hesabu.

Tairi kubwa huipunguzia injini mizunguko kwenye barabara tambarare, na mara nyingi hilo huokoa mafuta. Lakini hupunguza pia nguvu ya kusukuma inayofika barabarani, kama vile lile gurudumu kubwa la baiskeli ya zamani lilivyokuwa gumu kupanda mlima. Lori linalopanda kutoka bonde la mto Ruvuma hadi Newala, mji ulioko ukingoni mwa uwanda wa juu, litalazimika kuingia gia ndogo mapema zaidi. Kwa upande mwingine, tairi dogo mno huifanya injini ya dizeli izunguke kasi kuliko inavyohitajika.

Kuna athari za usalama pia. Kipima mwendo cha gari huhesabu mizunguko, hakipimi umbali. Lori lililotoka kiwandani na matairi ya 295/80 likifungwa ya 315/80, kipimo kikionyesha 80 mwendo wa kweli huwa zaidi kidogo ya 82. Tairi lililolika milimita 12 hupungua kipenyo kwa milimita 24, na injini huongeza mizunguko kama 40 kwa dakika kwa mwendo uleule. Matairi mawili yanayokaa pamoja nyuma yakitofautiana ukubwa, moja hubeba mzigo zaidi na jingine huburutwa. Yote mawili huliwa upesi, na lililoelemewa hupata joto na linaweza kupasuka safarini. Ndiyo maana hushauriwa kuoanisha matairi ya saizi moja, uchakavu unaolingana na upepo sawa.

Urithi

Kampuni yenye jina la Dunlop ilikua kuwa miongoni mwa kampuni kubwa za Uingereza, yenye kiwanda mashuhuri cha Fort Dunlop huko Birmingham. Ilitengeneza pia mipira ya tenisi na vifaa vingine vya michezo. Mwaka 1985 ilinunuliwa na kampuni ya BTR, na baadaye jina la Dunlop likagawanywa kwa wamiliki mbalimbali. Picha ya mvumbuzi huyo iliwekwa kwenye noti ya pauni 10 ya benki ya Northern Bank ya Ireland ya Kaskazini. Mwaka 2005 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Magari nchini Marekani.

Katika Afrika ya Mashariki tairi la upepo liligeuza usafiri wa watu wa kawaida. Mchanga na mawe ya njia za vijijini yasingepitika kwa urahisi na baiskeli ya tairi gumu yenye mzigo. Kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa ya shida kwa miaka mingi, baiskeli imebeba madumu ya maji, magunia ya korosho na wagonjwa. Tanzania nayo ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre cha Arusha, kilichoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama mwishoni mwa muongo wa 2000.

Thomson alikuwa na wazo mapema mno. Welch na Bartlett walilirekebisha, du Cros akalifanya biashara, na watu wa Kongo walilipa gharama ambayo haikuandikwa katika vitabu vya hesabu vya kampuni. Sehemu ya Dunlop ilikuwa kuona shida ya mtoto wake, kulijaribu jibu lake uani kwa kulilinganisha na lililokuwapo, na kulitoa wakati baiskeli ndogo ya mnyororo ilipokuwa ikilihitaji.